Leo Nimekata Miguu ya Meza ya Ofisi

Alhamisi, Nyaishozi. Ukungu umelala juu ya migomba tangu alfajiri, na hata sasa jioni haujaondoka wote. Mimi nina hasira nzuri. Ndiyo, ipo hasira nzuri, na leo ninayo.

Nianze na mkono, maana ndio uliotufikisha hapa.

Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari. Kila barua inayotoka pale, kila ratiba, kila mtihani wa muhula umepita kwenye vidole vyangu. Tangu mwanzoni mwa mwaka vidole hivyo vimekuwa vikifa ganzi. Kilianza kidole gumba na viwili vinavyofuata. Halafu maumivu yakakaa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, yakapanda hadi kwenye kiwiko, na bega nalo likajiunga. Asubuhi naamka nautikisa mkono kama mtu anayekung'uta nguo mbichi, mpaka vidole vinikumbuke.

Naishi na mama yangu. Kabla sijamleta kwangu alilima kahawa na maharage maisha yake yote huko Nyakakika. Siku moja tulikuwa tunamenya ebitoke za jioni, kisu kikaniponyoka. Nikakiokota, ndizi nayo ikaponyoka. Mama alinitazama, akasema, "Mwana wange, mkono wa kubonyezabonyeza unaumaje? Hujabeba kitu."

Hujabeba kitu.

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu hata mimi nilikuwa nayasema moyoni. Huku kwetu mtu anaumwa mgongo kwa sababu ya jembe, anaumwa shingo kwa sababu ya mkungu wa ndizi. Anayeshinda kwenye kiti, kivulini, anaumwa nini? Basi nikanyamaza. Nikawa nachapa kwa mkono wa kushoto nikidhani hakuna anayeona. Nikameza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likagoma.

Mwezi uliopita nikaamua kwenda hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mwenye sauti ndogo, hakunicheka. Alikikunja kifundo, akagonga mahali fulani kwa kidole, nikaruka kwenye kiti. Akaniambia kuna mshipa wa fahamu unapita hapo na umebanwa. Alinipa kifaa cha kuufunga mkono ninapolala ili usijikunje, akanifundisha kunyoosha vidole, akasisitiza nipumzike kabla maumivu hayajaanza, nisiyasubiri. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ukikaa, meza yako inakufika wapi?"

Nikamwonyesha. Karibu na kifua.

Meza yangu ilitoka maabara. Ilitengenezwa kwa watu wanaosimama, na mimi ni mfupi. Nimeinua mabega juu ya meza ile miaka yote hii nikidhani ndivyo kazi ilivyo. Yule dada akasema meza inatakiwa iwe sawa na viwiko, vifundo vinyooke, la sivyo nitarudi kwake na tutazungumzia upasuaji.

Nilimweleza Mkuu wa Shule kwa heshima zote. Akasema meza mpya itaingizwa kwenye bajeti ijayo, nivumilie. Nikaweka mto kwenye kiti ili nipande juu. Miguu ikaning'inia, mgongo nao ukaanza malalamiko yake.

Jumatatu akaniita. Aliongea kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi. Alisema ameona ninavyoteseka, kwa hiyo mitihani itakuwa inachapwa nje, na mimi nihamie stoo. "Ukapumzike," akasema.

Stoo! Kwenye magunia ya mahindi na maharage ya wanafunzi. Mkono ulioshindwa kuchapa ndio ukainue magunia? Na mitihani ikachapwe kwenye kibanda cha senta, maswali yajulikane gulioni kabla ya darasani? Lakini hata kama stoo ingekuwa imejaa manyoya ya kuku, siendi. Kazi hii niliisomea. Naipenda. Napenda jedwali lililonyooka, napenda ukurasa usio na kosa ukitoka kwenye mashine ungali na joto.

Jana nikitoka kazini nilipitia kwa Fundi Deogratias, seremala wa hapa senta, nikamwomba aje ofisini na msumeno.

Leo asubuhi alifika wanafunzi wakiwa mstarini. Akaizunguka meza, akaipiga makofi kama ng'ombe wa mnadani.

"Mkuu anajua?"

"Atajua."

Akacheka, lakini msumeno akauweka chini. Ana mtoto anayesoma pale, namwelewa. Nikamwambia akiulizwa aseme nimemlazimisha. Nikakaa, nikashusha mabega, nikakunja viwiko, naye akaweka alama kwa penseli. Ndipo akaanza kukata.

Mguu wa tatu ulikuwa haujakatika Mkuu alipoingia.

"Shikamoo, Mkuu."

Hakuitikia. Alitazama unga wa mbao sakafuni, akatazama vipande vya miguu, kisha akanitazama mimi.

"Madam Adventina, hii ni mali ya serikali."

"Ndiyo, Mkuu. Na mimi naifanyia kazi ya serikali."

Nikamwambia mkono wangu hauwezi kusubiri bajeti. Nikamwambia stoo siendi. Akitaka kunihamisha, anihamishe siku nitakaposhindwa kazi, maana kilichoshindwa mpaka sasa ni meza.

Fundi akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mkuu aliitazama ile meza iliyoinama upande kama mbuzi mwenye kidonda. "Sasa mtaiacha hivyo?" akasema. "Malizeni." Alipofika mlangoni akageuka. "Na utaandika maelezo. Leo leo."

"Nitaandika, Mkuu. Kwenye meza hii hii."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuliongeza hilo.

Nikaandika. Viwiko vikiwa vimetulia, vifundo vimenyooka, miguu inagusa chini. Nisijidanganye, maumivu yapo. Ila ganzi haikuja. Kila nilipomaliza aya nilisimama, nikanyoosha vidole dirishani, nikakaa tena. Nilieleza ugonjwa, nilieleza ushauri wa hospitali, nilieleza nilichofanya. Sikuomba radhi. Nilijaribu kuiandika sentensi hiyo nikaifuta.

Mkuu aliyasoma maelezo amesimama, akayaweka mezani kwake. Nikangoja neno "stoo."

"Mtihani wa kidato cha pili," akasema, "unaanza kuuchapa lini?"

"Kesho, Mkuu."

"Haya."

Hiyo tu. Wala sikuhitaji zaidi.

Nyumbani nilimsimulia Mama nikijua atasema watanifukuza. Akaacha kumenya. "Jembe likija na mpini usioendana na kimo chako, si unaukata? Walitaka ulime vipi?" Halafu akafuta utomvu mikononi, akauchukua mkono wangu kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze, akakibonyeza kifundo taratibu kwa kidole gumba.

"Ni hapa?"

"Hapo hapo, Mama."

Aliukanda mpaka maji ya kupikia yakachemka, na ndizi akazimalizia kumenya mwenyewe.

Sijui kama nitapona kabisa. Yule dada wa hospitali hakuniahidi, nami sitaki kujiahidi. Ninachojua ni kwamba nimechoka kuona aibu juu ya maumivu yangu. Nitaufunga mkono nikilala. Nitasimama dirishani kunyoosha vidole hata wakinicheka kutoka uwanjani. Ikibidi kuchapa polepole, nitachapa polepole.

Lakini kesho mtihani wa kidato cha pili nauchapa mimi.