Karani Akiita Jonah, Ni Mimi Huitika

Mama Phelis mpendwa, chamgei. Naomba unijibu haraka kwa sababu nimepewa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, na hapa nyumbani hakuna mtu ninaweza kumuuliza hii maneno bila yeye kucheka au kulia.

Mimi ni mkulima wa majani chai huku Kiptere, ni mjane wa miaka hamsini na tatu, mume wangu Jonah alitutoka miaka tisa iliyopita kwa ugonjwa wa figo, na tangu wiki ile ya mazishi nimekuwa nikipeleka majani kituoni kwa jina lake, kwa sababu namba ya mkulima ilikuwa yake na mimi wakati huo nilikuwa sioni mbele, watoto wako shule, nikasema hiyo ya kubadilisha jina nitafanya baadaye. Karani wetu Zack akipima magunia huwa anaita jina lililo kwenye mashine, na siku ile ya kwanza aliita kwa sauti kama alivyozoea, "Jonah Kimeli!" Watu wakaangalia chini, Zack mwenyewe akashika mdomo, na mimi sijui ni nini kilinisukuma, nikasema, "Niko!" Akapima. Tangu siku hiyo ni hivyo, akiita Jonah, mimi ndiye huitika.

Wacha nikwambie vile ilikuwa zamani, pengine utanielewa. Tulipooana tulikuwa tunaenda kituoni pamoja, yeye amebeba gunia kubwa na mimi dogo, tunakaa juu ya magunia tukingoja lori, ukungu umeshuka mpaka hauoni barabara, na kulikuwa na mama mmoja anaitwa Bosibori alikuwa anachoma mahindi hapo kando, Jonah ananunua hindi moja, anavunja katikati, na kile kipande kikubwa kila siku ni changu. Haki ule moshi wa mahindi na harufu ya majani mabichi, hata leo nikiupata popote machozi yanakuja. Jonah alikuwa mtu mpole, Mama Phelis, mpole kabisa. Karani wa zamani akikataa majani yake ati yamekomaa, hata kama si kweli, hakuwa anabishana, alikuwa anafunga gunia lake, anabeba mgongoni, tunarudi nyumbani, ananiambia tu, "Tutachuna mengine." Mimi nilikuwa nyuma yake nimenyamaza pia, kwa sababu nilikuwa mke, na kabla ya hapo nilikuwa kitindamimba wa mzee fulani, nyumbani kwetu mimi ndiye nilikuwa wa kutumwa na kunyamaza.

Sasa polepole nikawa Jonah. Nilianza kuvaa gambuti zake na soksi mbili ndani ndiyo zinitoshe, halafu koti lake, halafu vijana wakaanza kuniita Mzee Jonah, nami naitika, na sitakudanganya, napenda. Msimu uliopita lori lilikuwa linachelewa mpaka jioni, majani yanapata joto ndani ya magunia, yanageuka rangi, halafu ati ni makosa ya mkulima, siku moja nikapanda pale juu kwenye mizani nikasema kwa sauti, "Jonah amekataa! Hakuna mtu anapima leo mpaka ofisa wa shambani aletwe hapa atuambie lori liko wapi!" Watu walicheka lakini hakuna aliyepima, ofisa akaletwa, na tangu hapo lori linafika saa nane.

Basi mwezi jana kukawa na uchaguzi wa kamati ya kituo, tunapiga kura ya mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka, na watu wakajipanga nyuma yangu mpaka mstari ukatoka nje ya geti, nyuma ya Kipkurui, ambaye amekuwa mwenyekiti tangu zamani, wakabaki watu kumi na wawili. Ofisa akauliza jina la mshindi, watu wote wakapiga kelele, "Jonah!" Akafungua orodha yake, akasoma, akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye gambuti, akasema, "Hapa ninaona mwanaume." Kipkurui akasema, "Mmepanga foleni nyuma ya kaburi!" Wii, watu walicheka, hata mimi nilicheka, halafu nikaenda nyumbani nikamenya viazi huku nalia. Ofisa amesema nijaze fomu, jina la Jonah litolewe na langu liandikwe, la sivyo kiti kinarudi kwa Kipkurui.

Binti yangu Janeffer, yule anauza nguo Litein, amesema, "Mama, jaza. Wewe ulijizika pamoja na baba." Lakini kuna mama mkwe wangu, sisi wote humwita Kogo, hatoki nje sana siku hizi. Kila siku ya majani nikirudi ananiuliza, "Wamemwita?" Nasema, "Wamemwita." Ananiuliza, "Ameitika?" Nasema, "Ameitika, Kogo." Ndiyo sasa anakubali kunywa chai. Nikijaza hiyo fomu nitamwambia nini? Zack alinionyesha kwenye mashine, kumtoa Jonah ni kubonyeza tu mara moja, na mimi naona ni kama kumzika tena, na safari hii ni mimi nashika jembe. Na kuna kingine naona aibu kusema, huo ujasiri wote ni wa Jonah, si wangu, nikibaki mimi peke yangu nitapanda kwenye mizani niseme nini? Nitarudi kuwa yule wa kunyamaza. Nisaidie.

Ni mimi,
Mke wa Jonah, Kiptere.

*

Mama Phelis anajibu:

Mke wa Jonah, pole sana. Mimi pia ni mjane, kwa hivyo sitakuletea zile hadithi za ati muda unaponya. Miaka tisa ni jana. Nilicheka pale kwenye foleni, na nilipofika kwa Kogo niliweka barua chini nikatafuta leso. Sasa kaa vizuri, maana nitakugombeza kidogo.

Unaitwa nani? Nimegeuza karatasi zako mbele na nyuma. Nimemjua karani, nimemjua aliyekuwa anachoma mahindi, nimemjua hata Kipkurui na watu wake kumi na wawili. Wewe sijakuona. Umekuwa kitindamimba wa fulani, ukawa mke wa fulani, sasa umekuwa fulani mwenyewe, na unaniuliza kama uendelee! Mama, mzazi wako alikaa chini akakuchagulia jina. Kama huna habari nalo, basi sema tu.

Halafu kuna mahali unanidanganya, na nadhani unajidanganya pia. Unasema ujasiri ni wa Jonah. Jonah gani? Yule wa kufunga gunia na kurudi nyumbani na majani mazuri? Mimi nimesoma barua yako mwenyewe! Yule mume wako, Mungu amrehemu, alikuwa mwanaume wa dhahabu, mtu wa kukupa kipande kikubwa cha hindi kila siku, wa aina hiyo hawapatikani. Lakini hakuwahi kupanda kwenye mizani. Hakumwita ofisa hata siku moja. Hayo maneno yalitoka kinywani mwako, na ulipoogopa ukasema ni yake, kama mtoto anayemsingizia ndugu yake aliyeenda safari. Wale watu wa mstari uliotoka nje ya geti wanajua vizuri sana Jonah alizikwa. Walikula chakula cha mazishi. Walijipanga nyuma yako.

Kuhusu Kogo, hapo naongea polepole. Nilikuwa mkunga miaka mingi huko upande wa Kaplong, na nimesimama kwenye nyumba nyingi ambapo mtoto amezaliwa na kina nyanya wanaanza kuwaita marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya jina la mmoja wao likiitwa, na nyumba nzima inapiga vigelegele kwa sababu aliyeenda amerudi. Wewe ni wa huko, unajua hiyo kuliko mimi. Basi huo ndio mlango wa jina la mwanawe. Kogo anaujua, pengine amewaita wengi yeye mwenyewe. Lakini kila siku ya majani unamletea habari ya mashine, naye maskini anashika hiyo kwa sababu ndiyo umempa. Na je, umewahi kufikiria kwamba anauliza kwa ajili yako? Kwamba mama mzee ameona mkaza mwana wake anatembea na koti la marehemu, akaona heri amsindikize tu mpaka siku atakapochoka?

Sijui. Wewe pia hujui, kwa sababu hujamuuliza. Usimwamulie mtu mzima.

Kwa hivyo fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, mpelekee Kogo chai yake, keti karibu naye, mwambie yote, fomu na uchaguzi na hata maneno ya Kipkurui, mwambie wewe kabla hajaambiwa na jirani. Akilia, lia naye. Akikasirika, ngoja. Lakini usiombe ruhusa, unampa heshima ya kujua tu. Siku inayofuata nenda kwa chifu ukachukue barua, beba kitambulisho na cheti cha kifo, na umchukue Janeffer afunge duka nusu siku, kwa sababu nakujua, ukifika mlangoni peke yako utakumbuka ng'ombe hajakamuliwa. Usingoje Alhamisi ndiyo ujaze fomu. Peleka majani mara moja ya mwisho kwa jina la mume wako, na umwambie Zack mapema, ili naye aite vizuri, kwa heshima. Itika. Risiti hiyo weka kwenye Biblia. Na gambuti nunua za saizi yako, Litein zimejaa, unatembea na soksi mbili miaka tisa utajiangusha kwenye huo mteremko.

Huna haja ya kuacha kumpenda. Nani amekuambia hivyo? Mkumbuke ukichuna, ongea naye hapo katikati ya michai kama unavyoongea naye sasa, najua unaongea naye. Hakuna ofisa wa kukuuliza hapo.

Halafu itafika siku ile Zack ataita jina jipya, na nakuambia mapema ili usishtuke. Utanyamaza. Utageuka nyuma uangalie huyo mwanamke anayeitwa ni nani na kwa nini haitiki. Hakuna mtu nyuma yako, mama. Itika.