Chumba cha Kitinda

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti bado yanakusumbua, au baridi ya huko imeyahurumia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima, ila nyumba imekuwa kubwa.

Uliniuliza habari za mdogo wetu. Kitinda ana mwezi wa tano sasa anakaa peke yake, chumba cha uani kwa fundi cherehani, nyumba nne kutoka kwetu. Ulisema mtu mwenye akili nzito kama yake hataweza, nami nilisema hivyo hivyo. Lakini mtaa umemshika mkono bila kumbeba. Fundi alifunga utepe mwekundu kwenye swichi ya jiko, ili akiuona akumbuke kuzima. Kinyozi alimfundisha kusoma saa kwa wiki tatu nzima, wateja wakingoja. Kwa dobi anakofanya kazi, wanasema anakunja mashuka vizuri kuliko dobi mwenyewe, na dobi hapendi kusikia hivyo.

Kaka, kuna jambo limenikaa kooni. Tangu mama atutoke nimepika chakula cha watu wawili. Kitinda alipohama, mkono ulikataa kupunguza. Nilikuwa napakua sahani mbili, kisha nakaa naitazama ya pili. Mwezi uliopita nikashindwa. Nilimwendea nikamwambia fundi anakitaka chumba chake, arudi nyumbani. Ulikuwa uongo mtupu.

Hakulia. Alifunga nguo zake, akaenda kwa fundi kumshukuru na kumuuliza amekosa nini.

Fundi alikuja naye hadi mlangoni kwangu. Nikakiri palepale. Nilisema upweke umenishinda. Nilidhani Kitinda atakasirika, na ningestahili. Aliweka mzigo wake chini, akaniambia, “Dada, kukaa peke yako si kugumu. Mwanzo unalia kidogo. Mimi nitakufundisha.”

Akabeba mzigo wake, akarudi kwake.

Sasa huja Jumapili mchana. Hubisha hodi kama mgeni, hukaa, na ikifika saa kumi huaga. Namsindikiza hadi kona, nasimama mpaka apotee machoni. Miaka yote hii nilijitapa kuwa hawezi kuishi bila mimi, Kaka. Kumbe ilikuwa kinyume chake.

Ukipata likizo, njoo. Usije kwa ajili yake. Njoo kwa ajili yangu.

Nibusie watoto.

Ni mimi mdogo wako,
anayekufuata