Msinase Kipanga Mwingine

Ghala la Vipanga,
Gaegyeong.
Mwezi wa kumi, mwaka wa Jogoo.

Mpendwa Kaka Okswe,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe, na shemeji je? Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi hii? Mimi nipo, napumua, ila vidole vya mkono wa kushoto vimekakamaa kwa kubeba ndege kutwa nzima. Mtawa anayekusomea barua hii mwombe apunguze sauti.

Mara ya mwisho nilikuambia narudi. Bwana Heo, mkuu wetu hapa tunapofuga vipanga, alisema yule kipanga mweupe niliyeletwa naye akishakabidhiwa kwa wajumbe wa Wamongolia, nami naachiliwa. Nilikuwa nimeshamtafutia mke wangu Bunnyo kitana cha kumletea.

Sirudi tena, kaka.

Majuzi tulimrusha yule kipanga kando ya mto kumpa mazoezi. Akamkamata korongo, wakaangukia nyuma ya ukuta wa mheshimiwa mmoja. Nilipofika huko nikihema, kile kibao cha pembe anachofungwa mkiani, chenye jina la ghala letu, kilikuwa kimeshakatwa, na kingine kimefungwa mahali pake, uzi bado mpya. Kengele aliyovaa ilikuwa ileile yetu.

Nikapiga mluzi. Akaja mkononi mwangu moja kwa moja.

"Mnaona? Ananijua," nikasema.

Mtumishi wa pale akacheka sana. "We mtu wa milimani, si umeshika nyama! Hata mimi ningekuja. Soma kibao, kama unajua kusoma."

Najua kidogo. Jina lililokuwa pale halikuwa letu.

Bwana Heo akaitwa. Ndege yule anamjua kama mwanawe wa kumzaa. Akakitazama kibao, akautazama ukubwa wa lango, akainamisha kichwa. Njiani, tukirudi mikono mitupu, akaniambia, "Usinitolee macho, Gamdong. Bila kibao chetu, huyo si wetu. Unataka nife kwa ajili ya manyoya?"

Sasa anatuma watu huko kwetu Keunbawi kudai kipanga mwingine mweupe kabla barafu ya mto haijayeyuka. Wewe ni mtegaji hodari kuliko mimi, na hawa hawachukui ndege bila mkono aliouzoea. Mimi nilichukuliwa hivyohivyo, nikaambiwa ni kwa msimu mmoja tu.

Choma nyavu, kaka. Waambie mwaka huu vipanga hawakupita. Watawachapa fimbo, najua. Vumilieni, majeraha mtauguzana nyumbani. Akinaswa hata mmoja, utakuja kulala hapa kando yangu, na mama atabaki na nani?

Nisalimie shangazi Samwol, na mama mshike miguu kwa niaba yangu. Usimweleze yote.

Bunnyo mwambie asiniwekee tena lile bakuli la mtama la kunisubiri kila jioni. Ale yeye.

Mbingu ziwafunike nyote.

Mdogo wako, mwenye kukupenda akiwa hukuhuku,
Gamdong