Nyanya Yako na Mlima wa Feri

Timbwani, Likoni. Leo ni Jumapili, na tangu Pasaka sijakanyaga nyumbani.

Mjukuu wangu Mwende,

Hujambo? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na magunia. Nimefurahi kusikia ng'ombe amezaa salama.

Umeniuliza kama mje na nyanya yako mwezi wa Agosti au mumwache, maana magoti yake hayatauweza mlima wa kutoka feri.

Nilipokuwa kijana, mama yangu alikuja kunitazama. Nilikuwa nimepanga kumpeleka Nyali, akaone ufuo na mahoteli. Tuliposhuka feri, alipanda kidogo akasimama, watu wakitupita mbio. Muuza mahamri mmoja akampa kigoda chake.

"Keti upumue, mama. Mlima huu hata sisi wenyeji hutuchosha."

"Mwanangu aliniambia kuna bahari," mama akasema akihema. "Kumbe ni milima ya kwetu imetiwa maji!"

Tulipofika chumbani kwangu, alikaa kitandani, akapapasa godoro, akatazama dirisha kwa muda mrefu. Kesho yake nikamwambia twende Nyali. Akakataa.

"Nilichokuja kuona nimekiona. Sasa nikikuombea, najua umelala wapi."

Nyanya yako ameniombea miaka yote hii, na chumba hiki hajawahi kukiona. Mje naye. Nitawangoja pale feri na kigoda mkononi, tupande polepole. Na siku mtakayorudi, mwisho wa Agosti, nitapanda basi pamoja nanyi.

Babu yako