Mimi Sikuwa Mama Yako

Baba,

Nina hasira na wewe, na leo nakwambia wazi.

Siku ya msiba wako hapa Kasingirima nilikaa na wadogo zangu, tunalia. Shangazi Zena, dada yako, akanishika mkono akaninyanyua. "Mama, huku si kwako. Njoo ukae na wakubwa." Akaniweka kwenye mkeka wa wazee, kwa sababu nina jina la bibi Mwajuma, mama yako. Wageni wakawa wanakuja kunishika mkono: "Pole mama, umefiwa na mwanao." Mimi nilikuwa nimefiwa na baba. Pole hiyo hakunipa mtu.

Ulianza wewe. Tangu sijajua kutembea uliniamkia shikamoo kila asubuhi, nami nikafundishwa kuitikia marahaba, nyumba nzima inacheka. Wadogo zangu uliwagombeza, ukawachapa, ukawabeba mabegani. Mimi hukunigombeza hata siku moja. Nani anamgombeza mama yake? Bibi hakuwa anakula samaki wa migebuka, basi na mimi nikanyimwa. Mtoto wa Kigoma, nakula maharage huku wenzangu wanalamba mawese vidoleni. Nikikasirika, mlisema hasira za bibi. Nikinyamaza, kimya cha bibi. Sasa niambie, changu kilikuwa kipi?

Tangu uondoke hata swala haina utulivu. Nikiinua mikono, "Ee Mola, mimi mja wako," nakwama hapo hapo. Sijui anayeomba ni nani.

Juzi nilikwenda Katonga kwa wavuvi nikanunua mgebuka, nikamkaanga, nikala peke yangu jikoni. Unataka nikuambie alikuwa mtamu? Sijui, baba. Nilikula nalia, hata ladha sikuipata. Nitanunua mwingine, na mwingine, mpaka ulimi wangu useme wenyewe kama unataka au hautaki. Jibu lolote litakuwa langu.

Najua ulinipenda. Ndiyo maana naumia. Kila uliponitazama ulikuwa unamtafuta yeye, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mbele yako.

Basi pumzika. Naahidi nitakuombea kila Ijumaa kama mtoto anavyomwombea baba yake, hata kabla sijamjua vizuri mtoto huyo. Na kuna kitu hukuniacha nikupe hata mara moja ulipokuwa hai. Nakupa leo, ingawa hakuna wa kuitikia.

Shikamoo, baba.