Masizi ya Shahati

Akhmim, Jumatatu baada ya Pasaka, 1907

Dada yangu mpendwa Irini,

Salamu nyingi zikufikie huko Tanta, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mgongo umetulia na Pasaka mmeila kwa amani. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu, ila usingizi mimi nauona kwa wenzangu tu. Shahati anaota meno na analia kama anayedai urithi. Ninaandika nimempakata, kwa hiyo ukiona wino umetapakaa, ujue ni mguu wake.

Unakumbuka mume wangu Wisa alipata kazi ya ukalimani kwa Bwana Lidgate, yule Mwingereza mkaguzi wa mifereji. Mwaka jana bwana huyo alipita kwetu, akanywa chai yetu, akampiga picha Shahati mlangoni. Sasa ameandika kitabu. Amekaa Misri misimu michache, mingi ndani ya mashua yake, na tayari ametumaliza wote: wakulima, makasisi, masheikh, wanawake na punda. Wisa alipewa nakala. Yeye Kiingereza anakisema lakini hakisomi, kwa hiyo alichoona ni picha ya mwanawe tu. Akaitembeza mtaa mzima. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu akaja kutazama.

Majirani walipojaa sebuleni akanipa niwasomee, maana mimi ndiye niliyepitia shule ya wamisionari. Nikasoma kimya kwanza. Chini ya picha ameandika kwamba mama wa Mashariki hampendi mtoto kama mama wa Ulaya. Huzaa tu, kisha humwachia nzi wamlee, na habari ya sabuni haijamfikia. Ameandika kwamba aliniona kwa macho yake nikiomba vitambaa mlango kwa mlango kwa uvivu wa kushona. Na kwamba mtoto huyo ni msichana.

Dada, wewe unajua. Nilizika wawili. Huyu wa tatu tukamfanyia kama wanavyofanyiwa wote waliofuata misiba: tukampaka masizi, tukamvika gauni la kike, tukamwita Shahati, yaani Mwombaji, nami nikamzungusha kumwombea nguo, ili jicho baya limwone si kitu, limpite. Kila asubuhi namsugua kwa sabuni ya zeituni mpaka kwenye mikunjo ya shingo, ndipo mama mkwe anampaka masizi mapya. Huyo bwana mwenyewe alipovua kofia mlangoni kwetu, mbuzi alisogea mbali na harufu.

Jirani yetu mzee Bishara akaniuliza mbona nimekaa kama niliyekwamwa na mfupa, kwani tumetukanwa? Nikawatafsiria yote. Mkewe akasema mtoto alimkojolea bwana huyo kiatu mbele yetu sote, na bado hakujua ni mvulana. Sasa maji ya mifereji anayajuaje yanakotoka? Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wisa hakucheka, kwa sababu nilikuwa nimefika aliposemwa yeye. Bwana ameandika kwamba mkalimani wake ni kama mbwa mzuri: haelewi anachobeba, lakini huleta.

Wageni walipotoka, Wisa akaniambia lililobaki. Alhamisi Bwana Lidgate angekuja kupiga picha nyingine, mtoto yuleyule ameoshwa na kuvikwa nyeupe, ili kitabu kijacho kionyeshe serikali ya Waingereza imemfanyia nini. Na Wisa alikwisha kubali, kwa kuwa ameahidiwa ukalimani mkuu, kazi ya mwaka mzima. Mama mkwe akakaa chini sakafuni. Nilimwambia Wisa mtoto huyu hatoki. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba mbwa amekwisha kuitwa, je, nataka awe mbwa mwenye njaa? Nikakanda mkate.

Alhamisi bwana akaja na sanduku lake la picha na, usicheke, kipande cha sabuni chenye harufu ya waridi. Akamwagiza Wisa, polepole na kwa kelele kana kwamba sisi ni viziwi, aniambie kwamba leo atanifundisha mtoto anavyooshwa, na nisiyaogope maji. Nilimkumbatia Shahati nikimtazama mume wangu. Wisa aliitazama ile sabuni. Kisha akanigeukia na uso wake uleule wa kazini, akatafsiri kwamba, Mama Shahati, punda huyu anasema nyumba yako ni safi kuliko zote alizowahi kuchafua, na anaomba ruhusa aende zake.

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa shela. Bwana akauliza bibi anacheka nini. Wisa akasema ni furaha. Basi bwana akatoa kalamu akaiandika hiyo furaha. Hapo nikamjibu mwenyewe kwa Kiingereza chake kwamba mtoto haoshwi leo, na sabuni arudi nayo, itamfaa. Alibadilika rangi. Kabla ya adhuhuri Wisa hakuwa na kazi.

Sasa anakata majani ya mifugo shambani kwa ami yake, mikono imejaa malengelenge. Tunakula dengu, na kesho dengu. Hajanilaumu. Anaamini nilimlinda mtoto na jicho baya, na anajivunia.

Hili nakuambia wewe tu, wala lisimfikie: mimi siamini jicho baya. Niliacha kuamini siku tulipomzika wa pili. Nadhani wanangu walikufa kwa homa iletwayo na maji machafu, kama mwalimu wetu wa kule shuleni alivyotufundisha. Lakini mama mkwe aliwazika pamoja nami, na ile saa ya kumpaka mjukuu masizi ndiyo saa pekee ambayo mikono yake haitetemeki. Siku atakayosema inatosha, nitamtoa Shahati nje anang'aa, mtaa wote umwone. Atakayeisema siku hiyo ni yeye. Hata kwa ukalimani mkuu singemruhusu Lidgate aiseme.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe heshima zangu. Mama mkwe anakuombea.

Ni mimi mdogo wako,
Dimyana