Jumapili Tulizomenya Ndizi kwa Kihispania

Mama,

Shikamoo. Ulikuwa ukiitikia bila kuinua macho kwenye kisu, kwa hiyo naiweka hapa na kuendelea kama nilivyozoea.

Habari za nyumbani si nzuri. Mbuzi wako mweupe alizaa, mtoto hakupona. Kahawa imeiva upande wa barabarani na sina hamu ya kuichuma. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya kule chini, nimeanza kuing'oa, na kila mgomba ninaoung'oa ninausikia mgongoni na moyoni. Watu wa msiba wameondoka wote, amebaki mama mdogo, mdogo wako wa Kimuli, ambaye kila siku anasema ataondoka kesho. Anapika, anafagia, ananigombeza. Namshukuru kwa hilo la mwisho, maana nyumba isiyo na mtu wa kunigombeza ningeikimbia.

Lakini sikushika karatasi hii kwa ajili ya mbuzi. Nataka kukwambia habari za Irene.

Unakumbuka ilivyoanza. Editha alipiga video kutoka Hispania, Jumapili baada ya misa, wewe ukiwa kwenye kigoda chako uani na beseni la ndizi mbele yako. Mimi nilishika simu. Irene alikuwa bado mdogo sana. Akakutazama, akamuuliza mama yake kitu, na Editha akatutafsiria: mtoto anauliza bibi anafanya nini. Ukasema, namenya. Editha akamgeukia mtoto akamwambia, pela. Irene akakimbia, akarudi na kiazi, akakaa mbele ya simu yao na kuanza kumenya naye. Mlimenya hivyo mpaka bando langu likaisha, bila kusemezana neno.

Hamkuwa na lugha, ndiyo shida. Mtoto hajui Kiswahili, na Kinyambo ndiyo kabisa. Editha anatunza wazee wa watu tangu asubuhi hadi jioni, akirudi hana nguvu ya kufundisha, na mumewe hajui zaidi ya karibu na asante. Nilidhani utakuwa unampungia mkono tu, kama bibi wengine wa hapa Chonyonyo wenye wajukuu ng'ambo. Wewe ukaniambia, "Deusi, mwambie dada yako alete hilo neno. Alilete lote, asinipe kipande."

Akatuma picha ya ukurasa wa kitabu, neno lenyewe pelar, kumenya, limepangwa kutoka juu mpaka chini kwa nyakati zake zote. Kila Jumamosi nikawa nakusomea na wewe unamenya. Pelo, ninamenya. Pelas, unamenya. Pela, anamenya. Pelamos, peláis, pelan. Kila neno ndizi moja. Ukilikosea, ulichukua ndizi nyingine na kuanza upya, na kuna Jumamosi tulipika ndizi za kutosha harusi kwa sababu ya hilo peláis peke yake. Ulisema watu hawa mtu wao wanamweka mkiani. Kwetu "ni" na "u" na "a" vinatangulia, wao mpaka neno liishe ndipo ujue anayemenya ni nani. Uliona ni watu wa kuwavumilia.

Tulipofika kwenye yaliyopita nilitaka kuacha. Walikuwa na nyakati mbili, pelé na pelaba, na zote mimi niliziona ni nilimenya tu. Editha akatutumia maelezo marefu ya sauti, kwamba ya kwanza ni ya kazi iliyofanyika ikaisha, ya pili ni ya kazi uliyokuwa ukiifanya. Hukumsikiliza hata nusu. Ukasema hiyo unaijua tangu utoto, maana Kinyambo kina ya leo, ya jana na ya zamani, na hawa wamepungukiwa moja tu. Kuanzia siku hiyo pelé ikawa ya jana na pelaba ikawa ya zamani. Editha alilalamika kwamba sivyo. Ukamwambia akabishane na wazee wake wa huko. Irene hakubishana. Ukisema pelé, alijua ni ndizi za Jumamosi. Ukisema pelaba, alijua unamsimulia ulipokuwa msichana Kimuli, unammenyea mama yako.

Na siku nilipokusomea zile za kutaka na kuomba, pele, peles, pele, ulicheka mpaka kisu kikaanguka. Kumbe nao wakitaka mtu amenye, wanamalizia na e kama sisi. Ulisema hapo walituiga. Pelaría, ningemenya, ndiyo uliyojifunza shingo upande. Ulisema hilo ni neno lisilo na ndizi.

Ukalimaliza neno zima, na la pili ukalikataa. Editha alitaka tuingie comer, kula. Ukasema tutakula tukimaliza kumenya. Basi ukaishi na mjukuu wako miaka yote hiyo kwa neno moja. Mlimenya jana, mlimenya zamani, mngemenya pamoja angekuja. Kila Jumapili ulifunga maongezi kwa kusema pelaremos, tutamenya, na yeye anaitikia, "Pelaremos, abuela," tutamenya, bibi, kisha anakata simu. Hukuruhusu mwingine akate.

Ijumaa ile nilikukuta jikoni umeegemea ukuta, kisu kiko mkononi. Presha. Tulikodi gari tukakimbilia hospitali, na kabla hatujafika mjini Omurushaka nilijua umeshaondoka. Sitaki kuiandika zaidi ya hapo. Tuliporudi, ndizi ulizokuwa umezimenya zilikuwa bado kwenye beseni, zimekuwa nyeusi.

Ulizikwa kibanjani, kwenye shamba letu la nyumbani, karibu na kahawa, ulipotaka. Editha hakuja. Karatasi zake za huko zilikuwa hazijakamilika, angetoka asingeruhusiwa kurudi kwa mtoto. Nilimwonyesha kwa simu. Nilinyoosha mkono juu ya kaburi mpaka bega likafa ganzi, na padre alipoanza kubariki, mtandao ukakata. Dada yangu hakuona mchanga wa kwanza. Hilo linaniuma mpaka leo, na sijui nimlaumu nani.

Siku za msiba wafiwa hatukumenya chochote. Walimenya wanawake wa jirani, beseni kwa beseni, na mimi nilikaa nje na wanaume nikisikia visu vyao. Kila mtu alikuja na kisu chake. Chako nilikuwa nimekirudisha kwenye paa la jiko, mahali pake, hakuna aliyekigusa.

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, saa ile ile, simu ikaita. Sikupokea. Jumapili iliyofuata nikaifunika na mto. Usinikasirikie. Maneno nilikuwa nayo, mimi ndiye niliyekuwa nakusomea. Ila nilijua nikipokea, kwenye kile kidirisha kidogo cha pembeni, mahali ulipokuwa ukionekana wewe, ningeonekana mimi. Halafu ningemenya nini? Mwanaume wa kwetu hamenyi ndizi. Miaka yote hiyo mimi nilishika simu tu.

Ndipo Editha akanipigia siku ya kazi, akiwa kwenye mapumziko. Alikuwa amechoka, hakulia. Akasema, "Kaka, mtoto bado anaweka kiazi mezani kila Jumapili. Usipopokea anakirudisha kwenye kapu. Nilimwambia bibi amekufa, anajua. Sasa ananiuliza, kule kumebaki nani? Kama hutaki kupokea niambie tu, nimwambie hakuna mtu. Atazoea."

Hilo la atazoea lilinikata maini. Nilitembea kibanjani mpaka kwako, nikasimama. Nilitazama nyumba, jiko, kigoda chini ya upenu, nikafikiri kwamba huko mbali kuna mtoto mwenye jina ulilompa wewe, Kokugonza, na karibu ataambiwa kwamba hapa hakuna mtu. Na baada ya hapo hatakuja. Kwa nini aje mahali pasipo na mtu? Wewe ulishika neno zima mwanzo hadi mwisho ili asipotee, na mimi nilikuwa nampoteza kwa mto wa kulalia.

Jumapili niliporudi misa nikakata mkungu. Mama mdogo aliniona ninavuta kigoda chako, akaacha ufagio. Nilipochomoa kisu kwenye paa akasema, "Deusi, nipe hicho kisu. Watu wakipita watasema nini, mwanaume amekaa uani anamenya kama bibi harusi?" Nikamwambia waseme. Akasema, "Mama yako angekucheka." Nikamwambia acheke, ningetoa chochote nimsikie. Akaenda kuniletea mafuta ya kupaka mikono ili utomvu usinigande. Simu aliishika yeye, imepinda, ikionyesha zaidi paa kuliko mimi.

Irene alipotokea, kiazi kilikuwa mbele yake. Amekua, Mama. Meno ya mbele yamerudi. Alinitazama, akakitazama kigoda, akarudi kwangu, na nikaona uso wake unataka kuvunjika. Nikachukua ndizi nikasema, pelo. Ganda likatoka na nusu ya ndizi yenyewe. Ya pili nikajikata kidole. Irene akasogea karibu na kioo, akakunja uso kama wewe unavyokunja ukiona kazi mbaya, akasema, "Así no, tío." Si hivyo, mjomba. Akakiinua kiazi chake na kunionyesha polepole, jinsi unavyolaza kisu, jinsi unavyosukuma kwa kidole gumba. Hayo aliyatoa kwako. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwako miaka yote hiyo na sikuyaona.

Tukaenda hivyo. Mimi neno, yeye neno. Mama mdogo asiyejua hata moja alikuwa anatikisa kichwa kila ndizi ikishuka kwenye beseni. Tulipofika kwenye yaliyopita Irene alisema "La abuela," bibi, kisha akakwama. Alikuwa anatafuta akuweke wapi. Na mimi nilikuwa natafuta. Kwa hesabu yako ungekuwa bado kwenye ya jana, na sikuwa tayari kukuona unapelekwa kwenye ya zamani, kule na mama yako. Hatukulimalizia. Tulichukua nyingine, tukamenya, na machozi yalinitoka mbele ya mtoto, sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

Maji ya kupikia ndizi yakachemka jikoni. Editha akasema mtoto aage. Irene hakukata. Kidole chake kilikuwa pale kwenye kioo, kikubwa, kinangoja, na mimi sikuelewa anangoja nini mpaka mama mdogo aliponikanyaga mguu na kuninong'oneza, "Lile la mwisho. Mama yako alikuwa anasema kitu mwishoni." Yeye ambaye aliwahi kutukuta Jumapili chache tu.

Nikasema, "Pelaremos."

Naye akajibu upesi, kwa mazoea, kama alivyojibu siku zote: "Pelaremos, abuela."

Kisha akasikia alichosema. Nyuma yake Editha aliweka mkono mdomoni. Sikumsahihisha, Mama. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, na ndipo akakata.

Ndizi zile tulizila. Zilikuwa na vipande vya maganda, na mama mdogo alivitoa mdomoni kimoja kimoja akivipanga pembeni ya sahani ili nivione. Baadaye nilikuja kukumwagia maganda kwenye migomba iliyo karibu nawe, ile ambayo mnyauko haujaifikia.

Bado nyumba ni mbaya bila wewe. Sitakudanganya kwamba Jumapili moja imeirekebisha. Asubuhi bado naamka nikisikiliza jiko. Bado nina mengi ya lile neno lisilo na ndizi, ningefanya, ningewahi, ningekuwahisha, na nimeamua kuacha kuyasema kwa sauti kwa sababu mama mdogo anayasikia na kulia.

Ila Jumapili simu itapokelewa. Nakuahidi hilo. Na siku Kokugonza atakapokuja, atakuta kigoda, atakuta beseni, na mtu amekaa. Akiuliza kumebaki nani, nitamwonyesha mikono yangu ilivyo myeusi kwa utomvu.

Baki salama, Mama. Kisu nimekinoa.

Mwanao,
Deusi